Kuzuia mali za Urusi si kuzitaifisha

Kila mkutano wa viongozi wa Umoja wa Ulaya ukikaribia, habari huwa ileile: Ulaya "imetaifisha" mabilioni ya Urusi. Haijataifisha. Kuzuia mali ni kumkataza mwenyewe asiiuze, asiihamishe, asiiweke rehani. Kutaifisha ni kumvua umiliki.

Huko kuzuia kwenyewe kuna sura mbili, na ndiko mkanganyiko unakoanzia. Tajiri akiwekwa kwenye orodha ya vikwazo, mali yake yote iliyomo Ulaya hufungwa. Sailing Yacht A, meli ya kifahari ya tajiri wa aina hiyo, ilizuiwa Trieste Machi 2022, na matunzo yake yakawa mzigo wa serikali ya Italia, isiyoweza hata kuipiga mnada kwa kuwa si yake. Benki Kuu ya Urusi haikufungwa kwa njia hiyo. Yenyewe iliwekewa marufuku ya miamala, siku nne tu baada ya Urusi kuivamia Ukraine 24 Februari 2022.

Fedha zake ndani ya Umoja wa Ulaya ni takriban yuro bilioni 210, nyingi zikiwa Euroclear, kampuni ya Brussels inayotunza hatifungani, yaani hati za mikopo, na kukamilisha malipo yake. Hatifungani zilizomilikiwa na Urusi zilipofikia muda wa kulipwa, waliokopa walilipa kama kawaida. Euroclear ikapokea, lakini kuzipeleka Moscow haikuruhusiwa. Taslimu zikarundikana, zikawekezwa, zikazaa riba. Hapa ndipo hata wachambuzi wazuri wanapojikwaa: kwa masharti ya Euroclear, mteja halipwi riba kwa salio lililokwama. Kwa hiyo faida ile ni ya Euroclear, si ya Urusi. Ndiyo maana Mei 2024 nchi wanachama ziliweza kuamua kwamba asilimia 99.7 ya faida hiyo, baada ya kodi, isaidie Ukraine, na Julai mwaka huohuo yuro bilioni 1.5 za kwanza zikatoka. Mtaji haukuguswa.

Marufuku yenyewe ilikuwa ikihuishwa kila miezi sita kwa kauli moja, maana yake nchi moja tu ikigoma, pesa zinafunguliwa. Desemba 2025 wengi walikwepa hatari hiyo kwa Kifungu cha 122 cha mkataba wa Umoja, kinachoruhusu kuamua kwa wingi wa kura, wakaondoa ukomo wa miezi sita. Hungaria na Slovakia zilipinga, zikashindwa. Lakini siku chache baadaye mpango wa kuikopesha Ukraine kwa kutumia fedha hizohizo ulikwama, na viongozi wakaamua kukopa sokoni yuro bilioni 90. Safari hii kikwazo kikubwa kilikuwa Ubelgiji.

Tafadhali tusiiweke Ubelgiji kapu moja na Hungaria. Waziri Mkuu wa Hungaria wakati huo, Viktor Orbán, alikuwa akivipinga vikwazo vyenyewe, huku nchi yake ikiendelea kupokea mafuta ya Urusi kupitia bomba la Druzhba, lililoachwa nje ya marufuku ya mwaka 2022. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Bart De Wever, hakuwa akidai Urusi irudishiwe pesa. Euroclear iko kwake. Moscow ikishtaki na kushinda, anayedaiwa kwanza ni yeye. Alichotaka ni wenzake waahidi kwa maandishi, bila kikomo cha kiasi, kwamba hasara hiyo wataibeba pamoja.