Duka la bondi mtaani kwetu: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Tangu habari ienee kwamba fremu moja ya barabarani itafunguliwa duka la kuweka bondi, yaani la kukopa fedha kwa kuacha mali yako rehani, mtaa wetu hapa Manispaa ya Moshi hauna mazungumzo mengine. Karatasi ya saini inazunguka nyumba kwa nyumba, na mimi nimesaini. Sitaki duka hilo lifunguliwe kwa masharti tunayoyasikia. Lakini hoja nyingi zinazopigwa vijiweni si sahihi, na tukizipeleka kwa mtendaji zitaangushwa na yeyote aliyesoma sheria kidogo, huku hoja zenye uzito tumeziacha nyumbani.

"Duka la bondi ni stoo ya wezi."

Hii ndiyo inayosikika zaidi. Ukweli ni kwamba kupokea mali huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Na mwenye mali hapotezi haki yake kwa sababu tu mwizi ameiweka rehani mahali. Mwizi wa simu hahitaji duka lenye bango. Anatafuta mtu wa kumuuzia haraka kwa bei ya kutupa, asiyemuuliza hata jina. Duka linalofanya kazi sawasawa linaandika jina na namba ya NIDA ya mteja, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu (bonyeza *#06# utaiona), namba iliyo nyuma ya televisheni, na linadai risiti ya kununulia. Daftari la namna hiyo linamfikisha polisi kwa mwizi. Hofu yetu ingekuwa na maana zaidi kama tungeuliza daftari litakuwaje na nani atalikagua.

"Tarehe ikipita, kitu si chako tena."

Hapa ndipo watu wanapoumia, na kinachosikitisha ni kwamba wanaumia wakiamini sheria iko upande wa mkopeshaji. Karatasi za bondi za mitaani nimeziona. Nusu ukurasa wa daftari la shule, jina, kitu kilichowekwa, kiasi, tarehe, halafu mstari wa chini: "nikishindwa, mali iwe ya mkopeshaji." Saini mbili, basi. Riba haijaandikwa popote, imetajwa kwa mdomo.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi hivyo. Aliyeshika rehani ana haki ya kukaa na kitu mpaka alipwe, na deni likikomaa bila kulipwa anaweza kukiuza, ila baada ya kumpa mwenye mali taarifa ya muda unaofaa. Kabla ya kuuzwa kweli, mwenye mali bado anaweza kukikomboa hata kama tarehe imepita, akilipa deni pamoja na gharama zilizotokana na kuchelewa kwake. Kikiuzwa kwa bei inayozidi deni, ziada ni ya mwenye mali. Upande wa pili nao usemwe: bei isipofika deni, kilichobaki anadaiwa bado. Wanaodhani ukiacha kitu umemalizana na mkopeshaji nao wamekosea.

Chukua cherehani, kwa sababu mafundi cherehani ni wengi mtaani kwetu. Fundi ameiweka kwa shilingi 150,000. Kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, miezi mitatu inazaa shilingi 15,750. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, miezi hiyohiyo inazaa 90,000. Sasa tuseme ameshindwa, na cherehani imeuzwa 300,000. Kwa hesabu ya kwanza, baada ya deni la 165,750, kuna 134,250 ambazo ni zake, pungufu ya gharama za kuuza. Kwa karatasi ya daftari la shule hapati hata senti, na kazi imekwisha kwa sababu chombo cha kazi hana.

Kwa nini nimetaja 3.5? Ndiyo ukomo wa riba ya mwezi ambao Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili. Hiyo inatufikisha kwenye dhana nyingine.

"Ana leseni ya biashara, basi ni halali."

Leseni ya biashara ya halmashauri haimruhusu mtu kukopesha. Kusajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, pia hakumruhusu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na anayekopesha kwa fedha zake bila kupokea amana za watu, awe mtu binafsi au kampuni, yuko daraja la pili na lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Wale wa "kausha damu", wakopeshaji wa riba kubwa wanaoshika kadi ya ATM ya mwalimu au ya muuguzi pamoja na namba ya siri wamestawi kwa sababu tulizoea kuangalia karatasi yoyote iliyobandikwa ukutani bila kusoma imetolewa na nani. Mpaka leo sijasikia mtu hapa mtaani akiuliza kama huyu mfanyabiashara anayo leseni ya Benki Kuu. Hilo ndilo swali la kwanza.

"Mkutano wa mtaa ukikataa, limeisha."

Haliishi. Mkutano wa mtaa hauwezi kufuta leseni iliyotolewa na Benki Kuu. Unachoweza ni kuweka pingamizi kwenye muhtasari, likapanda kwenye kata hadi manispaa, ambako leseni za biashara zinatolewa na matumizi ya ardhi yanasimamiwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kama nyumba yenye fremu hiyo iko kwenye kiwanja cha makazi pekee, hiyo ni hoja. "Hatulitaki" peke yake si hoja.

"Watu wa kwetu hawana tabia ya kuweka bondi."

Jamani. Mvua za Aprili na Mei zikishuka na wageni wa mlimani wakipungua, wapagazi wanakaa bila safari, na simu na televisheni zinahama nyumba. Januari ni mahitaji ya shule. Kadi za pikipiki zinalala kwa majirani wenye fedha, bila karatasi, bila leseni, bila taarifa ya kuuza. Duka likizuiwa, bondi zitaendelea kwa hao hao.

Wapo wanaojibu kwamba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ipo. Ipo kweli, haina riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, kwa ajili ya mradi, baada ya maombi na vikao. Mama ambaye mtoto amezidiwa usiku hasubiri kikao. Kinachomfaa ni mfuko wa jamii wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) aliyojiunga kabla shida haijafika. Huu ni mji wenye Chuo Kikuu cha Ushirika, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa hapa mwaka 1933. Inaniuma kuona tunakusanya saini za kupinga duka bila kukusanya hata majina ya wanaotaka kuanzisha kikundi.

Kwenye mkutano naomba maswali haya yaandikwe kwenye muhtasari, na mfanyabiashara ayajibu mbele ya mwenyekiti na mtendaji: leseni ya Benki Kuu iko wapi, riba kwa mwezi ni asilimia ngapi, mkataba utaandikwa kwa Kiswahili na mteja apewe nakala yake, taarifa kabla ya kuuza itatolewa siku ngapi na kwa njia gani, ziada ya mauzo itarudishwaje, na daftari la mali litakaguliwa na nani. Asipoyajibu, saini yangu inabaki palepale.