Kinyama kilicho juu ya moyo wa mtoto

Mbuzi mchanga akichinjwa na kupasuliwa kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo, hukutwa kinyama laini, cheupecheupe, chenye vipande viwili. Kwa mbuzi mzee hukioni kwa urahisi, maana sehemu kubwa imegeuka mafuta. Binadamu naye anacho. Ni tezi ya thaimasi, na katika mazungumzo yetu na wazazi kwenye kliniki za watoto, tangu Likoni hadi Kisauni, ni wachache mno waliowahi kuisikia.

Hata madaktari kwa muda mrefu hawakuijua kazi yake. Wakiitazama kwa hadubini waliona seli nyingi zikifa, wakaiona kama makaburi tu. Kosa hilo liliumiza watu. Maiti nyingi zilizokuwa zikipasuliwa kwa mafunzo zilikuwa za watu waliougua muda mrefu, na maradhi huifanya tezi hii inywee. Basi alipopasuliwa mtoto mwenye afya aliyekufa ghafla, tezi yake ya kawaida ilionekana kubwa kupita kiasi, ikalaumiwa kwa kifo chake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maelfu ya watoto, hasa Marekani, walipigwa miale ya eksirei kifuani ili tezi ipungue. Baadhi yao walipokua walipata saratani ya tezi ya shingo. Kila ninapolieleza jambo hili moyo huniuma, kwa sababu watoto wale hawakuwa wagonjwa.

Mwaka 1961, Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alieleza kilichotokea alipowatoa tezi hiyo panya waliozaliwa punde. Walidhoofika, wakashambuliwa na maradhi, wakafa. Ndipo ikajulikana kwamba hapo ndipo hukomaa seli T, askari wa damu ambao virusi vya Ukimwi huwawinda. Anayepimwa CD4 hospitalini huwa anahesabiwa kundi moja la seli hizo.

Seli T huzaliwa kwenye uboho wa mifupa zikiwa hazijui kazi, kisha husafiri kwa damu hadi kwenye tezi. Huko kila moja hujiundia kipokezi chake, yaani mkono wa kushikia adui, na huujenga kwa kubahatisha. Kubahatisha huko kuna faida, kwa kuwa hakuna ajuaye mwakani utakuja ugonjwa gani. Lakini mkono wa kubahatisha unaweza usishike kitu, au ukaushika mwili wenyewe.

Aliyelelewa katika nyumba ya Pwani amemwona bibi yake amekaa uani na uteo wa mchele. Kwanza hupepeta, makapi yakaruka na upepo. Kisha hutuliza uteo na kuchagua mawe moja moja, kwa sababu jiwe moja linatosha kumvunja mlaji jino. Thaimasi hufanya vivyo hivyo. Seli isiyoweza kutambua kitambulisho cha mwili haipewi ishara ya kuendelea kuishi, nayo hufa. Inayoung'ang'ania mwili kwa nguvu huamriwa ife. Tofauti na jikoni ni kwamba huku kinachotupwa ndicho kingi: katika kila seli 100 zinazoingia, zaidi ya 90 hazitoki.

Vifo hivyo vimepangwa, wala si ugonjwa. Mwili hautumii njia hii kwenye kinga peke yake. Mimba ikiwa na wiki sita hivi, mkono wa mtoto una umbo la kafi. Seli zilizo katikati ya vidole hufa kwa amri, ndipo vidole vikaachana.

Mawe machache huponyoka uteo. Kwa ajili hiyo baadhi ya seli T hupewa kazi ya kuwatuliza wenzao, na ugunduzi wa walinzi hao ndio uliowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Ulinzi ukishindwa, seli T huweza kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na mtoto akapata kisukari cha aina ya kwanza. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo, nakuomba usijilaumu. Si chai yenye sukari wala kaimati ulizompa zilizouleta ugonjwa huo.

Tezi hii huwa kubwa zaidi, ukiilinganisha na mwili, katika utoto, na baada ya kubalehe huanza kusinyaa. Kwa hiyo kinachomsibu mtoto mdogo huigusa moja kwa moja. Njaa huinyausha kuliko karibu kiungo kingine chochote. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye utepe wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali, na ndani ya kifua chake tezi imebaki ndogo mno. Maziwa ya mama, kwa upande wake, huisaidia: huko Denmark, miaka ya 1990, watoto wa miezi minne walionyonya maziwa ya mama pekee walipimwa na kukutwa na thaimasi kubwa kuliko waliolishwa ya kopo.

Ninalotaka hasa wazazi walijue lilionekana kwa watoto wenye utapiamlo huko Bolivia, ambao tezi zao zilipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Uzito wao ulirudi baada ya mwezi mmoja hivi. Tezi ilihitaji karibu miezi miwili. Hapa kwetu mashavu yakijaa, wengi husema mtoto amepona na safari za kliniki hukoma, kumbe uteo wake wa kinga bado unasukwa upya. Mpeleke hadi mhudumu aseme basi, na kama chanjo ya surua ya miezi 9 au ya 18 ilimpita alipokuwa mgonjwa, itaje siku hiyohiyo.