Je, wajua kwa nini utupa wa jirani unaua wadudu na wako hauui?

Wakulima wawili wanachuma majani ya mti wa utupa siku moja, wanautwanga na kuuloweka vilevile. Kwa mmoja vidukari vinakufa, kwa mwenzake vinaendelea kufyonza maharage kama kawaida. Lawama humwangukia aliyechanganya dawa, kumbe mara nyingi kasoro iko kwenye mbegu.

Utupa huu, Tephrosia vogelii, ni wa jamii ya mikunde: maua ya zambarau au meupe, maganda yenye manyoya laini. Kikemikali uko wa namna mbili. Wa kwanza una sumu ziitwazo rotenoidi majanini, hasa ile ya degwelini, inayozuia seli za mdudu kutengeneza nguvu. Analegea, anaacha kula, anakufa. Wa pili hauna sumu hiyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha namna hizo mbili. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye mashina machache yenye vidukari, uangalie baada ya siku moja au mbili. Mbegu chukua kwenye miti iliyofanya kazi tu.

Hata utupa mzuri huharibiwa wakati wa kutayarisha dawa. Rotenoidi haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu, ndiyo maana sabuni si pambo. Kausha majani kivulini, maana jua huivunja sumu, kisha yatwange. Unga kilo 1, maji lita 10, sabuni ya maji mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai. Loweka kwa saa 24, uchuje kwa kitambaa kizito. Makapi yakipita, pua ya bomba itaziba. Nyunyiza jioni, hata chini ya majani, na urudie kila wiki, kwani dawa haikai shambani muda mrefu. Ukitwanga, funika pua na mdomo.

Samaki ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu sumu huingia moja kwa moja kupitia mashavuni. Watu wameutumia utupa kuvulia tangu zamani, ingawa kuvua kwa sumu ni kosa kisheria Tanzania na Kenya. Ndoo na bomba usivioshee mtoni wala karibu na bwawa.

Tena usiupande utupa pale utakapoweka nyanya au tumbaku msimu ujao. Mizizi yake huongeza naitrojeni, kweli, lakini pia hufuga minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi ya mazao hayo.