Manjano: Kinachofika Tumboni na Kinachofika Kwenye Damu

Chukua glasi ya maji, tia nusu kijiko cha manjano, koroga, kisha iache ikae. Unga mwingi utatuama chini. Tia kiasi hichohicho kwenye mafuta ya moto: rangi inakolea hapohapo. Mpishi wa mchuzi hahitaji kufundishwa hili. Manjano yake huingia sufuriani pamoja na kitunguu, kabla ya tui.

Kiini cha rangi hiyo ni kurkumini, ambayo wakemia Vogel na Pelletier waliitenga mwaka 1815. Ni kama asilimia 3 tu ya unga, yaani kijiko cha chai cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Ukilishika hilo, utaweza kuzipima mwenyewe nyingi kati ya habari unazotumiwa WhatsApp kuhusu "dawa ya manjano".

Sisi wafamasia swali tunaloulizwa sana dirishani ni hili: "Daktari, ni kweli manjano yanatibu saratani?" Madai hayo yametoka maabara. Seli za saratani zikimwagiwa kurkumini kwenye kisahani, zinakufa. Ni kweli kabisa, ila hata sabuni ya kufulia inaziua. Isitoshe, kurkumini ina vituko vyake: inang'aa ikimulikwa, na baadhi ya vipimo husoma mng'ao huo kana kwamba dawa imefanya kazi. Mwaka 2017 wakemia wa Marekani walipitia utafiti uliokuwapo na kuuchapisha katika Journal of Medicinal Chemistry. Majaribio kwa binadamu yalikuwa yamepita 120. Kwa tathmini yao, katika yale yaliyofanywa kwa ukali unaotakiwa, yaani kwa kulinganisha na kidonge kisicho na dawa, huku mgonjwa na daktari wote hawajui nani kapewa kipi, hakuna lililofanikiwa.

Kikwazo kikubwa ni njia ya kuingia. Huko Bangalore, India, mwaka 1998 watu wenye afya walimezeshwa gramu 2 za kurkumini tupu, kiasi cha vijiko zaidi ya 20 vya manjano. Kwenye damu ilikuwa kidogo mno au haikuonekana kabisa. Walipoongezewa miligramu 20 za piperini, ule ukali wa pilipili manga, kiasi kilichofika kwenye damu kilipanda mara 20. Kwa kawaida utumbo na ini huibadili kurkumini haraka na kuitoa. Piperini huwachelewesha walinzi hao.

Sisemi kwamba manjano ni bure. Nchini Thailand, wagonjwa 206 wenye tumbo linalosumbua bila vidonda walipewa kurkumini, omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni), au vyote viwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha makundi yote yakipata nafuu inayokaribiana. Hakukuwa na kundi la kidonge kisicho na dawa, kwa hiyo siwezi kuapa. Ila kwangu mimi matokeo hayo yana mantiki: tumboni kurkumini inagusa pale panapouma, haihitaji kupita kwenye damu. Kuhusu magoti, utafiti wa Tasmania, Australia, wa mwaka 2020 ulikuwa na watu 70. Baada ya wiki 12 waliotumia manjano yaliyokamuliwa walisikia maumivu machache kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa, lakini picha za goti lenyewe hazikuonyesha tofauti.

Kinachonitia wasiwasi ni kopo, si mchuzi. Watengenezaji wa vidonge wamejifunza kuwapita walinzi: wanaongeza piperini, au wanaifunga kurkumini kwenye mafuta ili ipenye. Mtandao wa madaktari wa ini Marekani ulieleza mwaka 2022 kuhusu wagonjwa 10 walioumia ini kwa bidhaa za manjano. Watano walilazwa, mmoja akafariki. Saba kati yao walikuwa na chembe ya urithi inayofanana, na huwezi kujua kama unayo kwa kujitazama kwenye kioo. Italia nayo iliwahi kupata wagonjwa wa namna hiyo.

Tena piperini haichagui. Ikizuia ini lisiondoe kurkumini, inaweza kuzuia pia lisiondoe dawa nyingine unazomeza. Kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa, hupanda. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Mchuzi aendelee nao, na pilipili manga yake.

Kama tayari unavitumia, dalili za kuangalia ni mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, mwili kuwasha, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, na macho kugeuka ya manjano (lugha nayo ina kejeli zake). Ukiona mojawapo, acha vidonge siku hiyohiyo na uende hospitali. Beba kopo lenyewe, kwa sababu ukimwambia daktari "natumia manjano tu" atafikiria mchuzi.