Safari ya Mtoto na Umbea wa Mtandaoni: Lipi la Kuhofia Kweli?

Kila mara mama mwenye wafuasi wengi mtandaoni anapoweka picha akiwa ufuoni Diani, au kwenye foleni pale uwanja wa ndege wa JKIA, na mtoto wake wa mwaka na nusu, maneno ni yale yale. Anamtembeza mtoto kama mkoba. Mtoto mwenyewe hatakumbuka lolote. Baba yuko wapi? Halafu Desemba inafika, na hao hao wanaomsema wanaondoka Nairobi saa nane za usiku kwenda ushago, mtoto wa umri huo huo akiwa amepakatwa kiti cha mbele. Hapo hakuna anayetia neno.

Kwa anayeshughulika na afya ya watoto, safari hii ya pili ndiyo ya kutisha.

Tumalize kwanza yasiyo na uzito. Kweli hatakumbuka: watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya yaliyowapata kabla ya miaka mitatu hivi. Wala hatakumbuka alivyobembelezwa, na hakuna aliyewahi kumshauri mama aache kubembeleza. Usingizi una hoja kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 11 hadi 14 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, usingizi wa mchana ukiwemo. Lakini Nairobi na Dubai zinapishana saa moja tu. Mtoto huzoea upesi. Kinachomvuruga ni kuamshwa kwa ajili ya picha ya machweo. Na swali la baba lina mahali pamoja tu panapolifaa, dawati la uhamiaji: mzazi anayevuka mpaka peke yake na mtoto abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili, kwa sababu kuna nchi zinazoiomba. Nje ya hapo ni umbea.

Sasa tuje barabarani. Gari likigonga kitu likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa hurushwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara 20 ya uzito wake au zaidi. Huo ni uzito wa zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Hakuna mikono ya mzazi inayoyazuia. Kumfunga pamoja nawe kwa mkanda mmoja ni kubaya zaidi, maana mwili wako ndio utakaomponda.

Kinachofaa ni kiti cha mtoto cha gari, na vya mitumba vipo tele. Ukikiokota sokoni, kigeuze. Tafuta kibandiko chenye alama ya viwango vya usalama, R44/04 au R129, kisha tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochorwa kwenye plastiki ya chini. Pitisha vidole kwenye kingo ukitafuta ufa. Kiti kilichowahi kupata ajali hakifai tena hata kama kinaonekana kizima, na muuzaji hana namna ya kujua historia yake. Ndiyo maana cha ndugu unayemwamini ni bora kuliko cha barabarani.

Kukifunga nako watu hukosea. Mtoto wa chini ya miaka miwili aketi akitazama nyuma ya gari, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado laini, na kiti kikae nyuma, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa wa usalama. Kishike pale mkanda unapopita ukitikise: kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, kaza upya. Halafu jaribu kufinya ule mkanda wa begani wa mtoto kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, umelegea. Na jaketi zito la baridi ya Julai livuliwe kwanza, mtoto afunikwe blanketi juu ya mikanda. Jaketi hubonyea gari likigonga, na mtoto akachomoka.

Kwenye matatu kiti hiki ni vigumu kukipata, na hatuna ushauri mtamu wa kutoa hapo. Anayekwenda Mombasa apande treni ya SGR pale Syokimau. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asiyechukua kiti halipiwi nauli. Kwenye ndege, mpe ziwa au chupa ndege inapoanza kushuka, yapata nusu saa kabla ya kutua, hata ikibidi kumwamsha. Kumeza ndiko kunakofungua mrija wa sikio. Kilio kile cha watoto wakati wa kutua ni maumivu, si ukorofi.

Mkifika, maradhi ya kwanza kubisha hodi ni kuhara. Beba pakiti za ORS, ile chumvi ya kukoroga kwenye maji ili kurudisha maji mwilini, kutoka nyumbani na usome maandishi yake: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Pakiti ya lita moja ikikorogwa kwenye nusu lita, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Pima kwa chupa tupu ya maji ya nusu lita iliyosafishwa, usikadirie kwa kikombe. Chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Akitapika ngoja dakika 10, urudie kijiko kimoja kimoja. Mchanganyiko wa jana umwage. Dawa ya zinki, inayopewa pamoja na ORS, ni miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na zaidi, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Umbea wenyewe una madhara yake, na yanampata mtoto kabla ya mama. Anayepiga skrinshoti ya mtoto akioga ufuoni ili kuuliza kundini "hii ni malezi gani?" ameisambaza picha ile ile anayoilaani, na sasa mama hawezi tena kuifuta. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto; Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mama naye asijitetee kwamba idhini anayo. Picha ya hoteli iwekwe baada ya kuondoka, huduma inayoonyesha mahali ulipo izimwe kwenye kamera, na mtoto asiyevaa nguo asionekane kabisa. Ukiona mtoto anadhuriwa kweli, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Kisha mnarudi Nairobi. Mtoto aliyekulia hapa hana kinga ya malaria, na Pwani na maeneo ya Ziwa Victoria mbu wake wapo. Chandarua chenye dawa kiende nanyi hata kwa nyanya. Dawa ya kinga ulizia kliniki kabla ya safari, maana kipimo hufuata uzito. Lakini kosa kubwa hutokea baadaye: vimelea huchukua siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza, mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa. Wakati huo mizigo imeshafunguliwa na picha zimesahaulika, na homa inaonekana kama mafua ya Nairobi. Andika tarehe ya kurudi nyuma ya kijitabu cha kliniki. Mtoto akipata joto ndani ya miezi mitatu, neno la kwanza kwa daktari liwe mlikokwenda, na damu ipimwe siku hiyo hiyo.