Kwa nini kadi inapinda ukibandika kipande cha mchoro wa rangi za maji?

Mchoro umeharibika lakini kona moja ya anga imetoka vizuri sana, basi unaikata mraba, unaibandika kwenye manila iliyokunjwa na tayari una kadi ya Idi au ya harusi. Jioni iko safi, asubuhi imepinda hata kusimama mezani haiwezi.

Lawama zote zinaenda kwa gundi. Utasikia ni feki, au ilipakwa kidogo, basi watu wanaongeza, na hapo ndo wanazidisha shida maana ile gundi nyeupe karibu nusu yake ni maji. Wengine wanasema karatasi ni nyembamba, kumbe ya rangi za maji mara nyingi ni gramu 300 kwa mita ya mraba wakati ya fotokopi ni 80, na huo unene ndo unaipa nguvu ya kuvuta kadi nzima. Kuna wanaoilaza chini ya vitabu vizito, na inasaidia kweli ila ukivitoa kabla haijakauka kabisa inapinda tena.

Kinachotokea ni hivi. Karatasi ni nyuzi za selulosi, na uzi ukinywa maji unavimba kwa upana, urefu wake hauongezeki sana. Mlango wa mbao wakati wa masika unakwama ubavuni, juu na chini hausumbui, sababu ni hiyo hiyo. Sasa kiwandani karatasi inapita kwenye mashine na nyuzi nyingi zinalala kuelekea inakokwenda, kwa hiyo shiti nzima inatanuka zaidi kwa kukatiza nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Paka gundi mgongoni mwa kipande ukiangalie: kingo zinanyanyuka kuelekea upande wenye rangi kwa sababu mgongo umetanuka na uso bado mkavu. Unakibandika kikiwa kimetanuka, kikikauka kinasinyaa na kuvuta uso wa manila.

Kujua nyuzi zimelalaje ni rahisi, ikunje karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza hivi halafu vile, upande usiobisha ndo mkunjo unafuata nyuzi. Karatasi za pamba kama Arches za Ufaransa, zinazotengenezwa kwenye silinda inayozunguka polepole, nyuzi zake zimechanganyika zaidi kwa hiyo jibu haliji wazi hivyo.

Tepu ya pande mbili haina maji, inamaliza shida nyingi. Ukitaka gundi, paka nyembamba halafu bandika kipande kingine kama hicho ndani ya kadi, nyuma ya kile cha mbele, nyuzi zikielekea upande mmoja, ili kila kimoja kivute upande wake. Cha ndani chagua chenye rangi iliyofifia, hapo ndo utaandika salamu.