Simfoni ya Tatu ya Górecki si ya Auschwitz

Wengi huamini kwamba Henryk Górecki, mtunzi wa Poland (1933–2010), aliandika Simfoni ya Tatu, utunzi wa okestra na mwimbaji, kuwaombolezea waliouawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland. Sivyo, na mwenyewe alilikataa dai hilo.

Sikiliza maneno yanayoimbwa katika sehemu zake tatu. Kwanza ni maombolezo ya Bikira Maria ya karne ya 15. Mwisho ni wimbo wa kienyeji wa mama anayemtafuta mwanawe aliyeuawa katika uasi wa Silesia, eneo la Poland. Katikati ndipo uvumi ulipopata mizizi: ni sala iliyochorwa ukutani mwaka 1944 na Helena, binti wa miaka 18, akiwa katika mahabusu ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Lakini mahabusu hiyo ilikuwa Zakopane, mji wa milimani, wala si kambini. Na binti yule hakulilia kisasi. Alimwambia mamaye asilie. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote: mama na mwana waliotenganishwa, mara tatu.

Simfoni hii ilitungwa 1976, ikapigwa mara ya kwanza Royan, Ufaransa, 1977. Umaarufu ulikuja baada ya rekodi ya 1992, aliyoimba mwimbaji wa Marekani Dawn Upshaw, iliyouza nakala zaidi ya milioni.